Utingo ananiambia kila kitu, mwanangu haniambii chochote

Mama Matroni, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa Tunduma, kwenye foleni ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Leo siku ya tatu gari halijasogea hata urefu wake, ndiyo maana nimepata nafasi. Mimi ni dereva wa malori, huu mwaka wa 19. Napakia bandarini Dar es Salaam, nashusha Lubumbashi, Kongo, narudi na shaba. Naishi Mbeya, ila kwetu hasa ni Tukuyu. Nina watoto wawili: wa kiume ana miaka 21, wa kike ana 16, yuko kidato cha tatu shule ya kutwa.

Yule wa kiume alikwenda chuo Dodoma mwaka juzi. Alfajiri ile stendi, kabla basi halijatoka, nilimwambia: "Baba yako sikusoma. Nusu ya maisha yangu nimelala kwenye kabini ili wewe usome. Ukifeli usinitafute." Nilisema kwa kumtia moyo, kama mzazi yeyote.

Mwanzo alikuwa anapiga simu. Baadaye ikawa meseji tu, nazo zote zinafanana. "Shikamoo baba, naomba hela ya chakula." "Shikamoo baba, mwenye nyumba anadai kodi." Natuma na ya kutolea. Anajibu, "Imefika baba, asante." Ukiichukua simu yangu ukasoma utadhani ni ya wakala.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, naye anasoma hukohuko Dodoma, alinipigia akaniambia, "Mjomba, pole na mambo ya kaka." Nikauliza mambo gani. Akanyamaza. Nilipombana akasema kaka yake alidisko, yaani alifeli akaondolewa chuoni, tangu matokeo ya mwaka wa kwanza yalipotoka. Yaani mwaka mzima nimelipia hewa. Ada ya mihula miwili, laki sita na nusu kila muhula, nilimtumia yeye akalipe mwenyewe. Kodi ya chumba juu. Laki na nusu kila mwezi juu. Na kumbe siku hizi ananyoa watu kwenye kibanda cha kinyozi, anaweka picha za vichwa alivyonyoa kwenye stetasi yake. Mimi stetasi zake sizioni, alinificha.

Kilichonimaliza kabisa ni kwamba mama yao alijua tangu mwanzo.

Huyu wa kike naye ameanza. Nikifika nyumbani baada ya wiki tatu za barabara, anasalimia, anaingia chumbani. Likizo analala mpaka saa nne asubuhi. Nikimuuliza masomo anasema "poa". Simu haimtoki mkononi, nikikaa karibu yake anaigeuza kifudifudi. Anakuwa kama mpangaji.

Ajabu ni kwamba utingo wangu, kijana wa miaka 22, ananiambia kila kitu. Tukitoka Dar mpaka tunaingia Tunduma anaongea: mambo ya wasichana, madeni, mama yake mgonjwa. Mimi nami namsimulia ya kwangu, hata lile la ujanani nilipokuwa naendesha Fuso ya ndizi ya mfanyabiashara mmoja wa kwetu, nikasinzia, gari likalala korongoni. Nilifukuzwa. Nikakaa hapahapa Tunduma miezi mitano nikibeba mizigo ya watu, sikuwa na uso wa kurudi kwa baba.

Madereva wenzangu wamegawanyika. Mmoja anasema kata hela, asikie njaa, atarudi mwenyewe. Mwingine anasema nenda Dodoma ghafla umkamate na mashine yake ya kunyolea mkononi. Mimi nataka mwanangu, Mama. Hela nimeshaililia ikaisha. Nifanyeje?

Baba wa Njiani, Tunduma

* * *

Marahaba, mwanangu, na pole na foleni.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimkasirikia kijana. Mara ya pili nikakwama pale stendi. Ulimwambia akifeli asikutafute. Amefeli, na hakukutafuta. Katika yote uliyowahi kumwagiza, hilo amelitimiza barabara.

Usidhani namtetea. Amekukosea. Kupokea ada ya mihula miwili huku hana chuo si utoto tena, ni mtu mzima aliyekuwa anatazama namba zikiingia kwenye simu na kunyamaza. Hasira yako ni halali, na fedha hiyo tutaizungumza hapa chini. Ila umeniambia unataka mtoto, kwa hiyo nitaanza na mtoto.

Umeniandikia habari za utingo wako mistari michache tu, ukampita kama unavyopita Igawa usiku. Mimi nimesimama hapo. Kwa nini yule kijana anakueleza mambo yake? Fikiria mnavyokaa. Wote wawili mnatazama barabara, hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Mtu akiwa na jambo la aibu analisema huku anatazama taa za lori lililo mbele, na maneno yakiisha injini inaendelea kunguruma, ukimya haumtishi mtu. Nyumbani nadhani unafanya kama wazazi wengi: unazima televisheni, unaonyesha kochi, unasema, "Kaa hapo tuongee." Mwanangu, mimi nina wajukuu sita, na mpaka leo mtu akiniambia hivyo tumbo linanivuruga.

Halafu makosa ya utingo hayakuaibishi. Akikopa akashindwa kulipa, unacheka, unampa akili, mnasonga mbele. Mwanao akifanya hilohilo unaona jina lako limepakwa tope Tukuyu nzima. Watoto wanaijua tofauti hiyo vizuri sana. Nimekuwa matroni wa bweni la wasichana miaka 27, nimewasikiliza wakilia usiku baada ya matokeo, na kilio chao kilikuwa kimoja: "Nitamwambia nini baba?" Sikumbuki aliyelia kwa sababu ya hesabu zenyewe.

Lakini kubwa ni hili la Fuso. Utingo analijua. Anajua kwamba uliwahi kusinzia, ukafukuzwa, ukabeba magunia miezi mitano hapohapo unaponiandikia barua kwa sababu ya kumwogopa baba yako. Mwanao analijua? Nina hakika halijui, maana angelijua asingejificha Dodoma. Wewe nawe ulidisko, baba. Uliangusha gari la watu ukakimbilia Tunduma, yeye ameangusha mwaka wa kwanza akakimbilia kibanda cha kinyozi. Umemlea kijana anayefanana na wewe mpaka kwenye namna ya kukimbia, na hajui kwamba mnafanana. Kwake yeye, baba ni mtu asiyeanguka. Mtu wa hivyo unamwomba hela, humwombi ushauri.

Wazazi wanaoniandikia karibu wote wanauliza swali lilelile: nifanyeje nimjue mwanangu? Nimuulize nini, nikague nini, nimfuatilie vipi? Siku hizi nawajibu kwa swali: yeye anakujua wewe? Anajua unaogopa nini ukiwa unashuka mlima Kitonga na mzigo wa shaba? Anajua pale Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, unakula nini, unalala vipi, nani alikuibia dizeli? Kama hajui, basi wewe kwake ni namba ya simu inayotuma hela, na namba haiambiwi siri.

Hapa nikuambie kitu cha kwenu, ingawa mimi si wa huko. Wanyakyusa wa zamani hawakuwa wanalala na vijana wao nyumba moja. Mvulana akifika umri wa miaka kumi hivi alitoka kwa baba, akaenda na wenzake wa rika lake kujenga vibanda vyao pembeni, na hicho ndicho kilichokuja kuwa kijiji chao wakishakua. Waulize wazee wa Tukuyu watakusimulia. Kwa hiyo kijana kukaa mbali na baba si ugonjwa wa simu wala wa mji. Lakini angalia: walilala kwao, chakula walikula kwa mama zao, tena walizunguka kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Na mashamba ya baba zao walilima. Umbali ulikuwepo, ila njia ya kwenda na kurudi haikuota majani. Sisi tumeubakiza umbali, njia tumeifuta, halafu tunawalaumu wao kwa kutopita.

Na zamani mambo mazito hayakuwa ya baba peke yake. Kulikuwa na babu wa kutaniana naye, shangazi, mjomba, somo, kungwi. Mtoto aliyekosea alikuwa na mlango wa pembeni wa kuingilia. Wewe uko Lubumbashi, babu yuko Tukuyu, shangazi yuko wapi sijui. Mlango wa pembeni uliobaki ni mmoja tu, mama yao. Kwa hiyo usimgeuze mkeo msaliti. Alishika kaa la moto mwaka mzima peke yake, akikupikia, akikuaga, akijua. Ukifika nyumbani usimuulize alijua tangu lini, hilo umeshalijua. Muulize aliogopa ungefanya nini. Halafu ukae kimya mpaka amalize, hata kama jibu litakuuma.

Sasa Dodoma. Wenzako wote wawili nimewakataa.

Kukata hela kimyakimya ni kumtumia ujumbe bila maneno, na yeye atausoma vibaya: baba amejua, ile ahadi ya stendi imeanza kazi. Kumvamia pale kibandani mbele ya wateja wake ndiyo kabisa. Kijana wa miaka 21 akiaibishwa mbele ya watu wanaomlipa, utaondoka na ushindi wako na hutamwona tena mpaka kwenye msiba.

Mtumie ujumbe wa sauti. Usiandike, kwa sababu maandishi yako amezoea kuyasoma kama risiti, na usipige, kwa sababu atashtuka na kuanza kudanganya kabla hajafikiri. Sauti ataisikiliza mara tatu peke yake usiku. Sema mambo machache, kwa maneno yako, lakini yasikosekane haya: kwamba umejua kuhusu chuo na kuhusu kunyoa, kwamba yale maneno ya stendi unayafuta, na kwamba ulipokuwa na umri wake uliangusha Fuso. Msimulie kama unavyomsimulia utingo, na foleni yako ya Tunduma ikisikika nyuma. Aliyekuambia usimtaje. Usiulize swali hata moja. Usimalize na "nijibu", wala "nimesikitika sana", wala "lakini". Hiyo "lakini" imeua misamaha mingi kuliko matusi.

Anaweza kukaa siku nne bila kujibu. Utaziona zile tiki za bluu, utaumia. Vumilia. Umesubiri Kasumbalesa zaidi ya hapo kwa ajili ya mzigo wa mtu mwingine.

Fedha muiongee mkishaonana, na muiongee kweli, msiifunike. Mwambie ada ile ni safari ngapi za Lubumbashi, ni mausiku mangapi kwenye kabini. Msikubaliane "yameisha". Mkubaliane arudishe, hata elfu ishirini kwa mwezi, kwa jina la ada ya mdogo wake. Itachukua miaka, najua. Lakini kila mwezi atakuwa na sababu ya kukutafuta ambayo si kuomba, na mtu anayelipa deni lake anainua uso. Ile laki na nusu ya kila mwezi isimamishe siku hiyohiyo, kwa kumwambia mdomoni, kwa kuwa sasa ana kazi.

Kuhusu masomo usiwe na haraka ya kumrudisha. Kudisko chuo kimoja hakufuti cheti chake cha kidato cha sita. Anaweza kuomba tena udahili, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hufungua maombi kila mwaka katikati ya mwaka. Anaweza kushuka akasoma stashahada kwenye vyuo vilivyo chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Na kama mkono wake umependa mashine, kuna vyuo vya ufundi stadi vya VETA. Hayo ayaseme yeye kwanza. Ukiyasema wewe yatakuwa amri nyingine ya stendi.

Huyu wa kike nitamsema kwa kifupi, maana kwake bado hakujaharibika kitu. Wewe ni dereva, nikuulize: madereva hufanya nini wakikaribia mizani ya Makambako? Wanapunguza mwendo, wanaweka makaratasi sawa, wanaomba Mungu. Ndivyo binti yako anavyofanya akisikia baba ameingia Mbeya. Wiki tatu hujaonekana, unafika, swali la kwanza masomo, la pili simu. Unampima uzito. Akishapita anaingia chumbani.

Safari ijayo fika bila kupima. Siku mbili za kwanza usiulize shule. Mwambie akusaidie kuosha kiatu, kumenya ndizi, kukusindikiza kwa fundi, kazi yoyote ambayo macho yenu yote yataangalia kitu kingine. Kulala mpaka saa nne wakati wa likizo muache. Saa ya mwili ya umri huo huchelewa, usingizi wenyewe unawajia usiku sana, si uvivu wote. Simu muwekee muda wa kuizima usiku, hiyo ni haki yako na ana miaka 16 tu, ila usiinyakue ukaanza kusoma. Ukiona dalili za hatari, mtu mzima anamtumia hela, au anatishwa kwa picha, hapo ni jambo jingine: usimpige, mwambie uko upande wake, na namba ya simu ya mtoto ni 116, haina malipo. Na ukiwa njiani mtumie sauti na picha za kipuuzi. Mbuzi juu ya basi. Tembo waliosimamisha magari Mikumi. Hatajibu zote. Anazifungua.

Usione naongea kama mtu aliyefaulu. Nililea mabinti wa watu kwa mamia, nikijua nani kagombana na nani, na mwanangu wa pili alihama Arusha akaenda Mwanza bila kuniambia. Nilijua baada ya miezi minne, nilipomtumia kiroba cha mchele kwa basi na kikarudi, hakuna aliyekwenda kukipokea. Nilimpigia nikafoka. Ilichukua mwaka mwingine kabla hajanieleza kwamba kila nilipompigia nilikuwa nikimaliza na neno "umeokoka?" Sikuwa najua kabisa kwamba nalisema. Muulize utingo wako wewe humaliza simu na neno gani, anasikia yote.

Basi, mzigo ukishuka na ukirudi na shaba, omba ofisini siku mbili. Ukifika Iringa panda basi la Dodoma, barabara ya Mtera ni lami tupu. Atakuwa amejibu kufikia hapo, au hatakuwa amejibu. Vyovyote vile mpe taarifa siku moja kabla, usimshtukize. Mwambie una nywele ndefu, umekaa Tunduma sana, na unaomba akunyoe.

Nenda ukakae kwenye kile kiti chake. Yeye atakuwa nyuma yako, nyote mnatazama kioo, mashine inaunguruma. Ni kabini kasoro magurudumu. Siku hiyo usitaje chuo isipokuwa akianza yeye. Akikuuliza unataka mtindo gani, mwambie fundi ni yeye, achague. Akimaliza, uliza bei, na umlipe.